Orodha ndefu, siku fupi: kupanga wiki ya fundi cherehani kwa daftari

Swali: Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru. Nashona sare za shule na nguo za akina mama, na nina msaidizi mmoja. Mwanzoni mwa mwaka nilipewa dayari nzuri yenye ukurasa mmoja kwa kila siku. Asubuhi naandika mambo 15, wakati mwingine hata 20. Jioni nimemaliza manne au matano, na yaliyobaki nayanakili kesho yake. Nguo za wateja zinachelewa, mwezi uliopita kliniki ya presha ya mama ilinipita, na faini ya chama nimelipa mara mbili. Binti yangu anasema niache karatasi nitumie simu. Je, karatasi inaweza kunisaidia kwa kazi kama hii, na nianzie wapi?

Jibu:

Inaweza, dada, ila si dayari hiyo. Ukurasa mmoja kwa siku humfaa mtu ambaye siku yake imejaa miadi na jioni hana kazi ya kubeba kwenda kesho: daktari, wakili, mwenye saluni. Kazi yako iko kinyume. Sketi hukatwa Jumatatu ikapigwa pasi Alhamisi, na hakuna siku moja inayoiona yote. Ukifungua ukurasa wa leo, Alhamisi imejificha nyuma ya karatasi, nawe hujui kama ina nafasi mpaka uifikie. Isitoshe, ukurasa mzima wa mistari mitupu unakuchochea uujaze.

Tazama orodha yako ya siku yoyote. Ndani yake kuna mambo ya aina tatu, yote yameandikwa sawasawa. Kuna miadi: kliniki saa mbili asubuhi, mteja kuja kujaribu gauni saa kumi. Hayo yana saa yake, na saa ikipita yamepita. Kuna ahadi zenye tarehe: sare za watoto watatu zichukuliwe Ijumaa, mchango wa chama ufike kabla ya tarehe 10. Hizo utazifanya saa yoyote, mradi tarehe isikukute hujazimaliza. Halafu kuna kazi tupu: nunua uzi mweusi, panga vitambaa, peleka cherehani ya pili ikabadilishwe mkanda. Hizo zinaweza kungoja siku nne na mteja asijue. Kliniki ya mama ikiandikwa ya tisa, katikati ya uzi na vifungo, jicho linaipita kama linavyoupita uzi. Ndivyo ilivyokuponyoka.

Kwa hiyo shika hili kwanza: orodha ni ghala, siku ni kikapu. Ghala likiwa na magunia mia hakuna ubaya. Wewe umekuwa ukijaribu kulitia ghala zima kikapuni kila asubuhi.

Kikapu kina ukubwa gani?

Hesabu hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Tuseme unafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni. Hizo ni saa 10. Toa saa 1 ya chakula. Toa saa 2 za wateja wanaoingia kuuliza bei, kupimwa au kuleta zipu iliyoharibika. Toa saa 1 na nusu ya kukimbilia vifungo, kupokea simu na kungoja stima irudi. Umebaki na saa 5 na nusu za kushona. Kwa siku 6 za wiki ni saa 33, na hizo ndizo saa unazouza. Saa za msaidizi wako zihesabu kando, na usimhesabie kasi yako.

Sasa ukubwa wa kazi zenyewe. Kwa wiki moja bandika karatasi ukutani karibu na cherehani, kisha kila unapoanza na kumaliza kitu andika saa: sketi ya marinda, shati la shule, gauni lenye bitana, kubadilisha zipu. Usiandike unavyodhani, andika saa inavyosema. Binadamu hukadiria vibaya hata kazi anayoifahamu. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani walikadiria siku 34, na kazi ikawachukua zaidi ya 55. Fundi naye akikadiria hukumbuka kushona, akasahau kufumua, kutafuta bobini na kusimama mara tatu kwa ajili ya wateja. Mpaka karatasi ya ukutani ikupe takwimu zako, chukua kadirio lako ulizidishe kwa moja na nusu. Shati unalosema ni la saa moja, liandike dakika 90.

Kati ya saa 33, ahidi wateja saa 26 tu. Saba zilizobaki ni za gauni lililokataa kukaa begani, za msaidizi kupatwa na msiba, za siku ambayo stima imepotea tangu asubuhi. Anayeahidi saa zote 33 ameshachelewa tangu Jumatatu, ni vile tu hajajua.

Daftari lenyewe

Tafuta daftari lenye jalada gumu la ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, nusu ya karatasi ya kawaida ya kuchapishia. Liwe na kurasa 192. Kaunta buku za idadi hiyo ni za kawaida kwenye maduka ya vitabu. Kubwa la A4 litazikwa chini ya vitambaa kwenye meza ya kukatia, na dogo la mfukoni halina nafasi ya wiki nzima.

Kabla ya kulipa, lifungue katikati uangalie kama kurasa zimeshonwa kwa uzi. Lililogandishwa kwa gundi pekee huanza kudondosha kurasa baada ya miezi michache ya kufunguliwa kila siku, na tena halilali wazi mezani. La waya wa mviringo hulala vizuri, lakini kwa fundi waya huo ni adui: utakwaruza shifoni na kuvuta nyuzi za sweta. Karatasi nayo iwe nzito kidogo. Ile nyepesi ya madaftari ya bei rahisi hupitisha wino wa kalamu za jeli hadi upande wa pili. Biro ya kawaida haina shida hiyo, kwa hivyo tumia biro moja ya bluu na penseli moja. Penseli ni ya miadi, kwa sababu miadi huhamishwa. Rangi sita za wino na stika ni za mtu anayependa kupamba, na kupamba ni starehe nzuri, ila haimalizi shati. Lifunike kwa nailoni kama tunavyofunika vitabu vya watoto, maana mafuta ya cherehani hayatoki kwenye karatasi.

Weka nambari kwenye kurasa zote mara moja; ni kazi ya robo saa. Ukurasa wa 1 ni wa jina, nambari ya simu na fahirisi. Kurasa za 2 na 3 ni za mwaka mzima. Za 4 hadi 27 ni za miezi 12, kila mwezi kurasa mbili zinazotazamana. Za 28 hadi 131 ni za wiki 52, vivyo hivyo mbilimbili. Kuanzia 132 hadi mwisho una kurasa 61, na humo ndimo zitakamokaa oda za wateja na ghala. Angalia kwamba kila wiki inaanzia ukurasa wa kushoto, wenye nambari shufwa. Ukikosea kwa ukurasa mmoja, nusu ya wiki itakuwa nyuma ya karatasi na utarudi kwenye shida ile ile ya dayari. Usichore wiki zote 52 kwa mkupuo. Chora nne, uzitumie, kisha urekebishe mistari kulingana na ulichokiona. Wala usingoje Januari. Anza Jumatatu ijayo, na wiki ya kwanza ni hiyo.

Kurasa mbili za wiki

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tuende polepole.

Ukurasa wa kushoto ni wa saa na tarehe tu. Ukurasa wa A5 wenye mistari ya milimita 8 hutoa mistari kama 23. Wa kwanza andika tarehe za wiki, kisha Jumatatu hadi Jumamosi ipe kila siku mistari mitatu, na Jumapili miwili. Miwili ya mwisho iwe ya mambo ya wiki ijayo yanayohitaji maandalizi sasa. Kwenye siku andika miadi kwa penseli na ahadi kwa biro. Uzi mweusi haukanyagi upande huu hata kidogo. Ukiona mistari mitatu ya siku haitoshi, ni dalili kwamba siku hiyo imejaa, na mteja mwingine apewe siku nyingine.

Saa nazo huleta balaa yake. Kadi ya kliniki imeandikwa 8:00, wewe unasema saa mbili, na ukiandika "2" pekee, wiki ijayo utajiuliza ni saa mbili ya asubuhi au 2:00 ya mchana. Chagua mtindo mmoja. Ukitumia saa za Kiswahili, andika neno lenyewe na wakati wake, "saa 2 asb". Ukinakili kutoka kwenye kadi au tiketi, acha nukta mbili, "8:00". Nambari iliyokaa peke yake isionekane popote.

Ukurasa wa kulia ni wa kazi za wiki. Piga mistari mitatu ya wima kwa rula ili upate safu nne: ya kwanza nyembamba, sentimita 1, ya alama, ya pili pana, ya kazi, ya tatu sentimita 1 na nusu, ya dakika, ya nne sawa na hiyo, ya siku. Kazi iandikwe kwa kitenzi na kitu chake. "Cherehani ya pili" si kazi, ni mada. "Peleka cherehani ya pili ikabadilishwe mkanda" inaeleweka hata ukiwa umechoka. E. J. Masicampo na Roy Baumeister, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilomalizika huacha kumsumbua mtu akilini mara anapolipangia hatua mahususi, hata kabla ya kulifanya. Mada tupu haileti utulivu huo. Unaiandika, na usiku bado inakuamsha.

Kazi moja isizidi dakika 120. Ukiwa na wateja wanaoingia na kutoka, huwezi kukaa saa nne mfululizo, na kazi ya saa nne haitakatwa hata siku moja. Tuseme una oda ya sketi 6 za shule. Kukata zote ni dakika 60. Kushona, dakika 75 kila moja, ni 450, zigawe katika mistari minne. Vifungo na pasi, dakika 60. Jumla ni dakika 570, yaani saa 9 na nusu. Saa zako 26 ni dakika 1,560, kwa hiyo oda hiyo moja imemeza zaidi ya theluthi ya wiki. Kichwani ilionekana kama "sketi za yule mama". Kwenye safu ya dakika ndipo unaiona ilivyo.

Chini ya ukurasa jumlisha safu ya dakika. Ikizidi 1,560, punguza sasa, Jumapili jioni, ukiwa umekaa, na si Alhamisi mteja akiwa mlangoni.

Safu ya siku ndiyo itakayokuondolea kunakili. Andika J3, J4, J5, Alh, Ij au J1 kwa penseli mbele ya kila kazi. Asubuhi ya Jumanne orodha yako ya siku ni mistari yote yenye J4 na mengineyo hayakuhusu. Kazi isipofanyika, futa J4 uandike Alh. Mstari unabaki pale pale kwa wiki nzima, hunakili kitu. Siku moja isibebe zaidi ya dakika 260 za kazi, na hiyo kwa kawaida ni mistari mitatu au minne. Najua inaonekana michache ukizoea 20. Lakini barua yako inasema unamaliza manne au matano kwa siku hata sasa. Tofauti ni kwamba sasa utayachagua wewe.

Alama ni nne. Kazi ikiisha, X. Ikihamia wiki nyingine, mshale wa kwenda kulia. Ukiiacha kabisa, ipige mstari katikati. Ukimngoja mtu, kwa mfano muuza vitambaa au mteja ambaye hajaleta malipo ya awali, andika N na tarehe uliyomwuliza. Ongeza moja ya fundi: duara dogo mbele ya kazi zisizohitaji stima, kama kupindia kwa mkono, kushona vifungo na kuchora patani. Stima ikipotea hukai ukikuna kichwa, unatazama maduara. Kwa mwenye cherehani ya miguu, duara ni la kazi zisizohitaji pasi.

Oda za wateja na neno "Ijumaa"

Tumia kurasa za 132 hadi 151 kwa oda. Kila oda mstari mmoja: nambari ya oda, mteja, nguo na idadi, alicholipa na kilichobaki, tarehe ya kujaribu, tarehe ya kuchukua. Nambari hiyo hiyo iandike kwenye kipande cha karatasi na ukibane kwa pini kwenye kitambaa chake. Zinazohamia kwenye kurasa za wiki ni tarehe mbili za mwisho tu.

Tarehe ya kuchukua ipange kwa kurudi nyuma. Mteja anachukua Ijumaa, basi tarehe yako wewe ni Jumatano jioni. Gauni likihitaji kujaribiwa, ajaribu Jumatatu, kwa hiyo liwe limeunganishwa kufikia Jumamosi, likatwe Alhamisi kabla yake, na kitambaa kiwe mkononi Jumatano. Mteja akija Jumanne bila kitambaa na kutaka gauni Ijumaa hiyo hiyo, hesabu inakataa yenyewe. Kila mtu Kenya anajua Ijumaa ya fundi ni ya mwezi gani, na wateja huitania. Wewe utakuwa fundi anayefungua daftari kwanza. Usijibu kwa mdomo kabla hujatazama jumla ya dakika. Kama wiki hii imefika 1,560, sema, "Wiki hii imejaa, nakupa Ijumaa ijayo, uje Jumatatu kujaribu." Wengi watakubali. Anayekataa angekuja kukugombeza baadaye.

Oda zinazoingia kwa WhatsApp ziwe na kanuni moja: usiandike "sawa" kabla haijaingia kwenye ukurasa wa oda. Oda iliyobaki kwenye simu itasukumwa chini na jumbe za kikundi cha wazazi kabla ya saa sita mchana.

Mwezi, mwaka, mama na chama

Kurasa za mwezi zibebe vitu vinavyojirudia na vilivyo mbali: kodi ya chumba, chama, karo, kliniki. Kwenye kurasa za mwaka weka sikukuu za tarehe maalumu, 1 Mei, 1 Juni, 10 Oktoba, 20 Oktoba, 12 Desemba, Krismasi na siku inayofuata, na uache nafasi kwa Pasaka na Idd zinazohama. Weka pia 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya kodi ya mwaka uliopita kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Wenye PIN ya kodi wasio na mapato ya kutozwa nao hutakiwa kuiwasilisha. Usiiandike 30 pekee. Iandike kama kazi ya wiki ya kwanza ya Juni, kwa kuwa siku za mwisho mtandao hulemewa.

Kwako muhimu kuliko sikukuu ni siku za kufungua shule. Wizara ya Elimu ikitoa kalenda ya mihula mitatu, ziandike zote, kisha urudi nyuma wiki 6 uandike "pokea oda za sare", na wiki 3 uandike "funga oda". Kwa ufunguzi wa Januari hiyo inakupeleka katika nusu ya pili ya Novemba, na wazazi wengi bado watakuja wiki ya Krismasi. Ukishafunga, umefunga.

Kliniki ya mama iandike mara tatu siku ile ile unapopewa tarehe, kabla hujatoka pale: kwenye ukurasa wa mwezi, kwenye ukurasa wa kushoto wa wiki yenyewe, na siku mbili kabla, "andaa kadi, dawa zilizobaki, nauli; mpigie mama". Kama wiki hiyo hujaichora, iandike kwenye mwezi uizungushie duara. Siku hiyo ya kliniki isipewe kazi yoyote ya kushona asubuhi, hata kama unaambiwa mtamaliza mapema. Hamtamaliza mapema.

Chama kikidai tarehe 10, wewe andika tarehe 8, "tuma chama". Siku mbili hizo zinatosha kukabili M-Pesa iliyokosa salio. Ukishatuma, andika kando ya mstari kiasi na saa, ili mweka hazina akiuliza uwe na jibu bila kupekua jumbe.

Muda wa kukaa na daftari

Jumapili jioni dakika 25, asubuhi dakika 5, jioni dakika 5. Jumapili ifuate mpangilio huu: tazama mwezi, hamisha miadi na ahadi upande wa kushoto, pitia kurasa za oda, andika kazi zake upande wa kulia kwa dakika, ndipo uingie ghalani uchukue kazi nyingine kama nafasi ipo. Wengi hufanya kinyume, huanza na ghala, na oda zinakuja kukuta nafasi imeisha. Asubuhi unasoma mistari ya siku hiyo. Jioni unaweka X na kubadilisha siku za zilizobaki. Fungamanisha dakika hizo na jambo ambalo tayari hufanyika: asubuhi kabla ya kutoa kifuniko cha cherehani, jioni kabla ya kufunga kufuli. Ukisema tu "jioni nikipata nafasi", nafasi haipatikani.

Ikifika wiki ya tatu au ya nne utaruka siku kadhaa. Huwapata karibu wote, kwa sababu upya umekwisha na faida bado haijaonekana wazi. Ukirudi, usijaze siku ulizoruka na usinunue daftari jipya. Fungua wiki iliyopo, jumlisha dakika zilizobaki, endelea.

Kazi iliyohamishwa kwa mshale wiki tatu mfululizo ina kasoro, na kasoro huwa moja kati ya hizi: ni kubwa mno, hivyo igawe, haijulikani hatua ya kwanza, hivyo andika simu ya kupiga au mahali pa kwenda, si yako, hivyo mpe msaidizi au binti, au huitaki, hivyo ipige mstari. Kupiga mstari kunawauma watu kuliko inavyostahili. "Panga vitambaa kwa rangi" inaweza kufutwa na duka likaendelea kuwepo.

Binti yako ana hoja upande mmoja: karatasi hailii. Kila kilichoandikwa kwa penseli upande wa kushoto kiwe na kengele kwenye simu, ya kliniki usiku wa kuamkia na asubuhi yake, ya mteja nusu saa kabla. Mengine yabaki kwenye karatasi, kwa kuwa ukifungua simu kutazama kazi moja utakutana na jumbe kumi. Mpe kazi nyingine inayomfaa: kila Jumapili apige picha kurasa za wiki na za oda. Daftari likisahaulika kwenye matatu, oda hazitapotea nalo.

Novemba hadi katikati ya Januari mpangilio huu utabana, na huko usiung'ang'anie. Kwa wiki hizo tumia kurasa nne badala ya mbili: Jumatatu hadi Jumatano kwenye jozi ya kwanza, Alhamisi hadi Jumapili kwenye ya pili, na safu ya dakika ibaki ile ile. Ukurasa wa oda nao ugawe, sare peke yake na nguo nyingine peke yake, kwa sababu sare zinashonwa kwa mafungu ya saizi moja na kumruka mteja mmoja ndani ya fungu ni rahisi sana.

Vipimo vya wateja visiingie humu. Vipe daftari lao, vipangwe kwa herufi ya kwanza ya jina, vikiwa na tarehe ya kupimwa. Daftari la mipango linaisha kwa wiki 52 na utaliweka kando, ilhali kifua na kiuno cha mteja wa miaka mitatu iliyopita bado utavitafuta. Watoto wa shule wapime upya kila mwaka, hata mzazi akikuambia hawajakua.